Mjerumani alituachia makaratasi

Kundi la WhatsApp la ukoo wetu limenyamaza, na aliyelinyamazisha ni mimi. Baba mdogo mmoja alituma picha ya rupia, pesa ya enzi za Mjerumani, ile ya Kaisari Wilhelm mwenye kofia ya tai, akaandika kuwa Tunduma kuna mnunuzi anatoa milioni 80 kwa moja. Sharti ni dogo tu: utangulize "hela ya kipimo". Nikauliza, kipimo cha nini? Nikajibiwa kwamba nimesoma sana.

Basi ngoja nisome kwa sauti.

Kila mtu wa Rungwe anaijua hadithi ya Ziwa Masoko: Mjerumani alipozidiwa akamwaga ziwani magunia ya rupia, dhahabu na silaha, na kila msimuliaji anaongeza chake. Sarafu zimeokotwa pale, sibishi. Palikuwa na kambi ya askari, na penye askari hela hudondoka. Lakini magunia?

Tuhesabu miaka. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Mwaka 1915 koloni ikaanza kuchapa noti za muda. Mwaka 1916, ndio mwaka Jenerali Northey wa Waingereza alipopanda kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) na kuichukua Tukuyu, kule Tabora karakana ya reli ilikuwa inagonga sarafu za heller 5 na heller 20 (heller ndiyo senti ya rupia), shaba nyingine ikitoka kwenye maganda ya risasi na mizinga. Ikagonga pia rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye tembo na mlima nyuma yake, hazikufika hata 17,000. Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora, karakana ikapotea. Kufika 1917 jeshi la Mjerumani limo porini linagonga noti za rupia moja kwa mihuri ya mpira. Sasa nielezeni, enyi wataalamu wa madini na mizimu: watu waliofikia kutengeneza pesa kwa mihuri ya mpira walikuwa na magunia ya fedha ya kutupa majini?

Rupia za fedha zilifichwa, ndiyo. Waliozificha ni sisi. Akija mtu na bunduki anataka mahindi na ng'ombe, halafu anakupa karatasi, utaipokea karatasi kwa sababu ya bunduki, na rupia yako utaifukia usiku. Wazee walifanya hivyo koloni nzima, hata serikali ikakosa chenji. Kwa hiyo anayechimbua rupia kwenye kiwanja cha watu Njombe hajapata hazina ya Mjerumani, amepata akiba ya bibi wa mtu. Na ina fedha gramu 10 na ushee. Mpelekee sonara wa Mwanjelwa uone kama atataja milioni.

Kinachoniuma hasa ni kwamba pesa ya jeshi, popote ilipotumika, imezoea kufia mkononi mwa raia. Wamarekani waliwalipa wanajeshi wao ng'ambo kwa hati za kijeshi, yaani noti za kambini, toka 1946 hadi 1973, Vietnam ikiwemo. Siku ya kuzibadilisha haikutangazwa. Geti linafungwa asubuhi, wanajeshi wanapewa hati mpya, na mfua nguo au kinyozi aliyelipwa hati za zamani anabaki nje akizitazama. Kisheria hakupaswa kuwa nazo, sawa, lakini nguo alifua. Burma, kwenye Vita vya Pili, Wajapani walichapa rupia zao, na Waingereza waliporudi 1945 zikawa si pesa tena. Vijana wetu wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika, walikuwepo huko wakipigana. Afghanistan, Wamarekani wale wale walitumia chenji ya kadibodi kwenye maduka ya kambini, eti sarafu ni nzito kusafirisha kwa ndege. Hiyo nawasamehe.

Huku kwetu, mwishoni mwa 1916, kikosi cha Mjerumani Wahle kilitoka Tabora kikapita Iringa na Ubena (Njombe), na cha Northey kiko palepale. Wote wanakula, na hakuna aliyekuja na shamba lake. Kisha mtawala mpya akaleta pesa zake, kufika 1922 tuko kwenye shilingi, na aliyeuza ng'ombe kwa noti ya porini akabaki na noti ya porini.

Mjerumani alikuja kujitutumua baadaye, tumpe haki yake. Mwaka 1964 Bonn, serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikubali kuwalipa askari wazee malimbikizo yao, na dirisha likafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba asiye na cheti cha jeshi alipewa ufagio aushike kama bunduki, akaamrishwa gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Watu huisimulia kwa kicheko. Mimi siioni ya kuchekesha. Mzee amesubiri mshahara miaka 46 halafu unampa ufagio? Na dirisha lile lilikuwa la askari. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, wakafa kwa makumi ya maelfu pande zote mbili, wa kuhara na wa njaa kuliko wa risasi. Mpagazi angeonyesha nini pale dirishani, bega?

Najua mtaniambia kuna wazungu wanakusanya hizi sarafu. Ndiyo wapo, na rupia 15 ya tembo, kama ni halisi, inanunua pikipiki na chenji inabaki. Lakini picha zenu zote ni za fedha au shaba, na mkusanyaji wa kweli haombi hela ya kipimo. Tena kuchimba maboma na makaburi ya kale bila kibali ni kosa tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Aliye na noti ya muda kwenye sanduku la marehemu babu asiipige pasi wala asiibandike selotepu, aipeleke Boma pale Iringa wamwambie ni nini. Na sarafu msizisugue kwa majivu na ndimu. Mnaua hata ile bei ndogo iliyokuwepo.