Shajara ya Muziki Ina Kazi Ambayo Simu Haiiwezi

Kumbukumbu za muziki tunaousikiliza tumeziachia mashine. Mwaka 2002 mwanafunzi mmoja wa Uingereza, Richard Jones, alibuni Audioscrobbler, programu ya kuorodhesha kila wimbo unaopigwa kwenye kompyuta ya mtu. Baadaye ikaunganishwa na Last.fm, tovuti ya muziki. Huko wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukishafika nusu yake au dakika 4. Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, huhesabu baada ya sekunde 30. Orodha za mwaka za nyimbo zilizopigwa zaidi zinapotoka huwa nazisoma kwa hamu, yangu na za wenzangu, ila zinasema kilichopigwa tu. Kama nilikuwa nimetega sikio au nimesinzia, hazijui. Wala hazina habari ya wimbo niliousikia ukiimbwa harusini, au ule uliopita redioni mara moja ukanikaa kichwani wiki nzima.

Ndiyo maana naitetea shajara, iwe daftari au faili kwenye simu. Tarehe, jina la wimbo, mwimbaji, halafu sentensi mbili tatu, siku ileile. Kazi iko kwenye hizo sentensi. "Mzuri sana" haitakuambia kitu ukirudi kuisoma mwakani. Andika besi inaingia wapi, sauti gani zinaitikia nyuma, ngoma zinanyamaza vipi kabla ya kiitikio. Mtu anayetafuta maneno ya kueleza sauti hulazimika kuurudia wimbo, na katika kuurudia ndipo masikio hufunguka. Mimi nilikuwa nikimfuata mwimbaji peke yake. Tangu nianze kuandika, gitaa la besi ndilo ninalolifuata kwanza.

Na kilichokupata wewe kiandikwe pia. Samuel Pepys, aliyeandika shajara yake London kati ya 1660 na 1669, alieleza mwaka 1668 jinsi ala za kupuliza alizozisikia kwenye mchezo wa kuigiza zilivyomteka hadi akajihisi mgonjwa, kama zamani alipozama katika penzi la mkewe. Akaazimia kujifunza kuzipiga. Enzi hizo hapakuwa na kinasa sauti, na bado tunajua muziki ule ulimfanya nini.

Usiziache nyimbo ulizozichukia, pamoja na sababu zake; ladha hugeuka, na bila maandishi utaapa kwamba ulizipenda tangu mwanzo. Daftari lenyewe usimwonyeshe mtu. Ukijua litasomwa, utaanza kuchagua nyimbo za kukupa heshima na kuzificha zile unazozirudia usiku kucha.