Rungu la TFF Linajua Nani Anajaza Mkapa

Mwaka 2016 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) lilishusha timu nne kwa mkupuo: Geita Gold, Polisi Tabora, JKT Oljoro na JKT Kanembwa. Kosa lilikuwa kupanga matokeo kwenye mechi za mwisho za Ligi Daraja la Kwanza, Geita wakishinda 8-0 huku na Polisi Tabora 7-0 kule, kila mmoja akisaka mabao ya kupandia Ligi Kuu. Mbao ya Mwanza ndiyo iliyopanda. Sikumbuki mtu aliyesema tuwe na busara, mdhamini asije akakimbia. Rungu lilishuka, tukasema safi, tukaendelea na mambo yetu.

Sasa tazama dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia mechi Simba walikwenda Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, kufanya mazoezi, wakazuiwa getini. Wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku yenyewe, mashabiki wa mikoani wakiwa wameshashuka kwenye mabasi. Yanga wakapeleka timu uwanjani, kisha nao wakasema mechi hiyo hawaitambui tena. Kanuni zinaeleza haki ya timu mgeni kufanya mazoezi, na zinaeleza pia timu inayogoma inafanywa nini. Lazima kuna mtu alikosea: aliyezuia, aliyegoma au aliyeahirisha. Mechi ilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa, na hakuna aliyekatwa hata pointi moja. Mei 2021 ilikuwa hivyohivyo. Muda ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga wakaja kwa muda wa awali, wakaondoka, mechi ikapangiwa Julai. Yaani dabi yetu haina kosa, ina tarehe mpya tu.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja, na si ya kijinga. Mkataba wa Azam Media wa 2021 wa kurusha Ligi Kuu ni wa miaka 10 na unazidi shilingi bilioni 225, na kinachouza king'amuzi ni Simba na Yanga. Klabu ya mkoani hungojea siku vigogo hao wanapokuja ili ipate mapato ya mlangoni ya maana. Ukimshusha mmoja, atakayeumia zaidi anaweza kuwa klabu ndogo kama Prisons kule Mbeya, ambaye hakuzuia basi la mtu.

Lakini hoja hiyohiyo ilitolewa Scotland mwaka 2012. Rangers, klabu kubwa ya huko, walifilisika, kampuni mpya ikaomba nafasi ileile ya Ligi Kuu. Viongozi wa soka wakatisha watu kwamba bila Rangers pesa ya televisheni itakatika na klabu nyingine zitakufa. Mashabiki wa klabu hizo ndogo wakajibu kwamba Rangers wakirudishwa kwa mlango wa nyuma, wao tiketi za msimu hawanunui. Klabu zikapiga kura ya kuwakataa, Rangers wakaanzia daraja la nne, wakarudi juu 2016. Mambo yalibana, ila ligi ipo. Kinachonivutia hapo ni kwamba mashabiki waliipigia hesabu haki yenyewe kama mapato. Mtu hanunui tiketi ya mchezo ambao anaamini mshindi wake amelindwa.

Sisi tunapenda njia mbili za mkato. Ya kwanza ni faini. Klabu inapigwa faini kwa kupita mlango usio rasmi (sote tunajua ni ushirikina unaowafanya wakwepe ule rasmi), inalipa, na baada ya muda unasikia tena barua ya faini ileile. Kwa klabu kubwa hiyo ni gharama ya mechi, kama maji na barafu. Kwa klabu ya chini ni mishahara ya watu.

Ya pili ni kufunga milango. Desemba 2024 mechi ya Kombe la Shirikisho Afrika ya Simba na CS Sfaxien ya Tunisia iliisha kwa vurugu na viti kung'olewa, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) wakaamuru mechi ya Januari dhidi ya Constantine ya Algeria ichezwe bila mashabiki. Simba walishinda 2-0 na hatimaye wakafika fainali. Walioadhibiwa barabara ni wauza jezi na filimbi, mama wa chipsi mayai nje ya geti, na bodaboda wa kituo cha Uhasibu wanaongoja watu watoke. Hakuna kati yao aliyeng'oa kiti.

Mimi sitaki Yanga au Simba washushwe daraja ili nifurahi, ingawa najua kijiweni kwetu nusu ya watu wangechinja mbuzi. Nataka ngazi ya adhabu iandikwe kabla ya msimu: kugoma pointi kadhaa, kumzuia mgeni pointi kadhaa, na kamati isiwe na ruhusa ya kupunguza. Hata Uingereza walikwama hapo. Klabu ya Everton ilikatwa pointi 10 Novemba 2023 kwa kuvunja kanuni za fedha, rufaa ikazifanya 6, na watu wakabaki kuuliza namba hizo zimetoka wapi. Faini nayo iwe asilimia ya mapato ya mlangoni ya mechi inayofuata, na apewe mpinzani aliyekosewa. Kama pesa ndiyo lugha tunayoogopa, basi Prisons nao wasikie imesemwa kwa faida yao.