Samoni wa baharini: anza na chumvi na kisu

Maduka ya uvuvi ya pwani ya Pasifiki ya Marekani hutundika vyambo bandia vya kila rangi, na mgeni hutoka na mfuko umejaa. Kwa maoni yangu, pesa hiyo ingetangulia kwenye heringi, samaki wadogo wa chambo, waliogandishwa wakiwa wabichi, chumvi ya mawe na kisu kikali.

Heringi akiyeyushwa kwenye maji matupu hulegea, magamba humtoka na ndoana humchana mapema. Mlaze usiku kucha kwenye maji baridi ya chumvi: kikombe kimoja kwa lita. Chumvi isiwe na madini joto, wala maji yasiwe na klorini.

Kichwa hukatwa nyuma tu ya mashavu, kisu kikiinama nyuzi 45 hivi kutoka mgongoni kwenda tumboni, na kikiinama tena kutoka ubavu huu kwenda ule. Mshazari huu wa pili ndio unaomzungusha. Ukikata wima, atakokoteka kama kijiti. Toa matumbo, pitisha ndoana ya mbele kutoka ndani hadi nje, karibu na uti wa mgongo. Kisha mkokote kando ya mashua umtazame. Asipozunguka, hamisha ndoana au kata mwingine. Wengi huruka hatua hii kwa kukimbizana na alfajiri, wakashinda wanakokota samaki aliyekufa mara mbili.

Coho, aina moja ya samoni, huwa juu, aghalabu ndani ya mita 10 za kwanza, na hupenda chambo chenye kasi. Chinook, aina nyingine, hushuka jua likipanda. Huyo mfuate chini, taratibu.

Kibao cha kumetameta, kinachofungwa mbele ya chambo ili kuwavuta samaki, watu hukikosea. Ngisi wa plastiki, chambo bandia, hana mwendo wake, huazima wa kibao, kwa hiyo mshipi kati yao uwe sentimita 60 hadi 90. Heringi anajizungusha mwenyewe: mwachie mita 1.5 au zaidi, la sivyo kibao kitamvuruga.

California, kati ya Horse Mountain na Point Conception, ukivua kwa chambo bila kukokota, sheria inataka ndoana za duara zisizo na vijimiiba vya kurudi nyuma kwenye ncha, ili samaki mdogo arudishwe bila kujeruhiwa tumboni. Samoni akionja, usivute kwa ghafla, utaichomoa ndoana mdomoni. Zungusha rili polepole hadi fimbo ipinde, ndoana iteleze hadi pembeni mwa mdomo. Baada ya hapo mshipi usilegee hata kidogo, hasa anapogeuka kuikimbilia mashua.