Mbuzi Hana Kontroo Namba

Katika kazi ya ukutubi nimewaogopa panya, mchwa, paa linalovuja juu ya rafu, na wanafunzi wanaokata kurasa kwa wembe. Mhasibu sikuwahi kumwogopa. Mhasibu wa taasisi, kwetu Kenya na hata Tanzania, ni mtu wa kuombwa, kukumbushwa na kusubiriwa. Nilikuja kumwogopa Dodoma, siku alipolipa kwa wakati.

Nilitoka Mombasa kwenda kuwafundisha wenzangu wa maktaba ya taasisi moja ya umma kutumia Koha. Hiyo ni programu ya kuendeshea maktaba. Ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000, haiuzwi, na yeyote anaweza kuipakua, ndiyo maana sisi wenye bajeti za kununulia chaki tumeikimbilia. Safari yenyewe haina hadithi: basi kupitia Lungalunga na Horohoro, Tanga, Dar es Salaam, kisha treni ya umeme. Kilichonishangaza ni upepo. Sisi wa Pwani tumezoea upepo wenye maji ndani yake. Ule wa Dodoma mwezi Juni unakuja mkavu na wa baridi, umebeba vumbi jekundu, na ukisahau dirisha wazi wakati wa chakula cha mchana unarudi unakuta vitabu vyote, kuanzia namba ya rafu 000 hadi 999, vimekuwa rangi moja. Nilipangiwa nyumba mtaa wa Kikuyu, Dodoma hapo hapo, na mama yangu akawa anawaambia majirani kwamba nimerudi Kenya kimyakimya.

Wenzangu walinisikiliza kwa adabu iliyonitia wasiwasi. Kwetu darasa likichoka linakwambia, "Mwalimu, tumechoka." Hapa nilijibiwa "Sawa, Mwalimu" kwa kila kitu, hata nilipouliza swali. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu, nitamwita Mama Maktaba, ambaye daftari la kuazimia vitabu alilifungia kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Wa pili alikuwa Kijana wa Tehama, mpole, asiyekwambia kwamba jambo haliwezekani, anakwambia tu, "Tuone."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhamisha daftari lile kuliingiza kwenye mfumo, pamoja na vitabu vilivyoazimwa zamani visirudi. Nikasisitiza jambo moja: sehemu ya namba ya simu isiachwe wazi. Nilidhani kwa wale wa zamani wataruka tu, maana mtu aliyeazima kitabu mwaka 2005 utampata wapi?

Sikumjua Mama Maktaba. Dodoma imekuwa jiji tangu 2018, wizara zimejaa Mtumba, lakini yeye bado anaijua nyumba kwa nyumba. Huyu ni mwalimu mstaafu, yuko Veyula. Yule anaimba kwaya moja na wifi yangu. Huyu alihamia Mpwapwa akaoa huko, ila dada yake tuko naye kwenye kikoba. Simu zikapigwa wiki nzima. Asiyepatikana, aliandikiwa namba ya mkewe. Asiye na mke, namba ya mwenyekiti wa mtaa. Sehemu ile ilijaa kuanzia juu hadi chini, na mimi nikawapongeza kwa makofi.

Tukaja kwenye maneno ya ujumbe wa kumkumbusha aliyechelewa. Niliandika kama tunavyoandika kwetu: kitabu fulani kimechelewa, kirudishe, faini ni kiasi fulani. Darasa likanyamaza. Mama Maktaba akavua miwani.

"Mwalimu, huu ujumbe haujasalimia."

"Ni meseji tu, Mama."

"Najua mwanangu. Lakini hawa wengine ni wazee wetu. Utamdai mzee hela bila hata shikamoo?"

Kijana wa Tehama akakumbusha kwamba meseji moja ni herufi 160, ukizidisha unalipia mbili. Hakuna aliyemsikia. Iliundwa kamati. Ikakaa, ikanywa chai, ikatoa ujumbe ulioanza na shikamoo, ukapitia hali ya nyumbani, watoto na majukumu ya ujenzi wa taifa, ndipo ukamwomba mpendwa msomaji, kama nafasi inaruhusu, akumbuke kitabu chake. Zilikuwa meseji tatu: ya kwanza salamu, ya pili jina la kitabu, ya tatu hela.

Hela yenyewe ilikuwa shilingi 100 kwa siku, kiwango cha taasisi cha miaka mingi. Koha ina mahali pa kuweka ukomo, ili faini isizidi kiasi fulani hata mtu akichelewa mpaka kiama. Hilo katika ratiba yangu lilikuwa somo la Alhamisi. Ina pia kalenda ya kuondoa sikukuu na siku ambazo maktaba imefungwa. Hilo lilikuwa la Ijumaa. Hakuna aliyekuwa na haraka, kwa sababu meseji zote zilikuwa zimelala foleni. Akaunti ya kuzituma haikuwa na salio hata la senti tano, na dokezo la kuomba malipo lilipanda ghorofani siku nyingi. Nilishaambiwa kwamba likishuka kabla sijaondoka nchini, nichinje kuku.

Likashuka Jumanne jioni, limelipwa. Baadaye ndipo nilipoelezwa: mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, na fungu ambalo halijatumika linarudi hazina. Mhasibu alikuwa anapita kwenye madokezo yote anayoyakumbuka, akilipa kwa mikono miwili.

Saa kumi na moja alfajiri seva ikaamka kama kawaida yake, ikakuta salio, ikatuma foleni yote.

Sasa ufikirie mtu amelala zake Mkonze, baridi kali, simu inalia gizani: "Shikamoo. Ni matumaini yetu hamjambo nyumbani." Namba haijui. Kabla hajajibu marahaba, inaingia nyingine: shilingi 730,500. Kwenye simu kubwa zile meseji tatu zilijiunga zikawa moja. Kwenye vitochi kila moja ilikuja kivyake, na kwa wengine hela ndiyo iliyotangulia na salamu ikafuata, jambo ambalo Mama Maktaba hajanisamehe hadi leo, ingawa si mimi niliyetengeneza vitochi.

Kila Mtanzania ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo wengi walijua ni matapeli wameamkia kwao. Wapo waliofuta. Mmoja alikwenda polisi, na askari aliyetupigia alitaka kujua mtandao wetu unaongozwa na nani. Kilichowakosesha usingizi waliobaki ni ile meseji ya katikati. Tapeli anaweza kujua jina lako na hata ukoo wako. Lakini tapeli angejuaje kwamba chini ya uvungu wako kuna kitabu cha ufugaji wa nyuki?

Nilipofika kazini saa mbili kasoro, foleni ilikuwa imetoka mlangoni ikauzunguka mwarobaini.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hisabati, mstaafu. Hakuja na hela, alikuja na daftari la mraba na penseli. "Siku 7,305, nakubali," akaniambia, "miaka ishirini na ile mirefu mitano. Lakini Jumapili mlikuwa wazi?" Hatukuwa wazi. Akaondoa Jumapili 1,044. "Na Jumamosi mnafungua nusu siku, kwa hiyo ni shilingi hamsini." Akaondoa hizo nusu, ikabaki 573,950. Akaingia kwenye sikukuu: Muungano, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, siku ya Nyerere, Uhuru. Kwenye Idi akaniuliza mimi, kwa kuwa natoka Mombasa, kila mwaka mwezi ulionekana lini. Watu wa nyuma yake wakaacha kulalamika wakaanza kuazimana kalamu.

Akaja mama mmoja mwenye namba iliyowekwa badala ya ya mumewe. Mume aliazima kitabu cha maisha ya ndoa, 306.81, mwaka 2009. Yule mama hakuja nacho. "Nimekuja kuuliza tu," akasema, "kama kitabu hicho mlimpa kikiwa kamili, au kilikuwa na kurasa zilizochanika. Maana mimi ninaishi naye."

Mwenyekiti wa mtaa mmoja alikuwa amepokea meseji za watu wake wote walioandikiwa namba yake, akajumlisha, akaona anadaiwa mamilioni, akaitisha mkutano wa dharura saa kumi na mbili asubuhi. Alifika akiongoza msafara. Kijana mwingine alileta kitabu cha marehemu baba yake kikiwa kimefungwa kwenye kitenge, akaomba risiti yenye mhuri, akaisome kwenye kikao cha ukoo kwamba marehemu sasa hadaiwi na mtu.

Na vitabu vilikuwa vinarudi! Hilo sikulitegemea. Vya kuku, vya magari, vya mapishi, vya sheria. Vya kilimo cha zabibu, 634.8, vilirudi vinne, kimoja kina doa la mvinyo ambalo kwa Dodoma nalihesabu kuwa ni ushahidi wa mafunzo kwa vitendo.

Saa nne ndipo akafika yule mzee wa nyuki. Amevaa koti na kofia, fimbo mkono mmoja, kamba mkono mwingine, na mwisho wa kamba ile alikuwepo mbuzi. Akasalimia foleni nzima kwa Kigogo, "Mbukwenyi," ikamwitikia. Akafika mezani, akaweka kitabu, akaweka na kamba.

"Huyu ni laki moja na nusu," akasema. "Iliyobaki nitaileta baada ya kurina asali."

Nikamtazama Mama Maktaba. Mama Maktaba akamtuma mtu kumwita mhasibu, yule yule, na mhasibu akaja anatabasamu, hajui kitu. Akamwamkia mzee, akampa pole ya safari, kisha akamweleza kwa upole kwamba fedha ya serikali haipokelewi mkononi. Inalipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo, ile ya tarakimu kumi na mbili, benki au kwenye simu.

"Hii siyo fedha," akasema mzee. "Ni mbuzi."

"Ndiyo, mzee wangu. Na mbuzi hana kontroo namba."

"Mpe."

"Mfumo haumtambui."

"Ulinitambua mimi usiku nimelala," akasema mzee, "huyu aliyesimama mchana kweupe ndiyo hauwezi kumtambua?"

Foleni ikapiga makofi. Mhasibu akajikuta anajadiliana kwa dhati: akimpokea atamwingiza kwenye kifungu gani, nani atamlisha mpaka mnada utangazwe, na akifa kabla ya ukaguzi ataandikiwa nini. Mbuzi kwa wakati huo alikuwa ameshafika ukutani nilikobandika ratiba yangu ya mafunzo. Akaanza kuitafuna. Akaanzia Alhamisi.

Mkubwa wa taasisi aliteremka saa sita, akiwa na meseji yake mkononi ya kitabu cha uongozi bora, na kikao hakikuchukua muda. Faini zote zikasitishwa. Lakini kwenye mfumo deni halifutiki kwa kauli. Lazima mtu abonyeze, na kila anayesamehe faini jina lake linabaki kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ni chakula cha wakaguzi. Kila mmoja akakumbuka kazi nyingine aliyonayo. Kijana wa Tehama hakusema hata "tuone". Mwishowe ikaonekana ni heshima kwa mgeni kupewa nafasi hiyo, hasa mgeni ambaye wiki ijayo yuko Mombasa. Nilibonyeza hadi magharibi.

Mzee wa nyuki hakuondoka. Alipoambiwa amesamehewa, alishukuru, akafungua kamba, kisha akakishika tena kile kitabu.

"Naondoka nacho."

"Mzee, si umeshakirudisha?"

"Nimekileta mkione. Sijakimaliza."

Nikajaribu kumwazimisha. Jina lake lilikuwa katikati ya orodha, msamaha haujamfikia, na mfumo ukakataa: mdaiwa haazimi. Nikabonyeza tena, ukakataa. Mama Maktaba akanisogeza kwa kiwiko, akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akalitoa lile daftari kabatini. Akaandika jina, kitabu na tarehe, polepole, kwa mwandiko wa shule ya zamani.

"Namba ya simu?"

"Simu sina," akasema mzee. Mfukoni mwake ikalia.

Mama Maktaba alisubiri mpaka ilipokata. Kisha akapiga mstari kwenye sehemu ya simu, akamgeuzia daftari atie sahihi.