Mchango, Picha na Sitara

Ramadhani ikikaribia, simu za watu wa Mombasa hujaa picha za namna moja: foleni Kisauni au Likoni, mwanamke anapokea unga, mchele na tende, macho kwenye kamera kwa kuwa ameambiwa atazame. Chini yake, namba ya Paybill ya kutumia mchango kwa M-Pesa.

Wenye mashirika ya misaada wanaopiga picha hizo wana hoja. Harambee ya zamani ilifanywa uwanjani, kila mtu akijua nani katoa nini. Leo anayetuma mia mbili kutoka Nairobi au Jeddah haoni kitu ila picha, na pesa za umma zimeliwa mara nyingi mno kiasi kwamba kutaka ushahidi si ukorofi. Tena mitandao inafanya kazi. Mwaka 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ilichangisha zaidi ya shilingi milioni 500 kwa walioathiriwa na njaa, watu wa kawaida wakitoa kwa M-Pesa. Lakini ile ilibebwa na makampuni makubwa na vyombo vya habari. Kikundi cha Kisauni hakina televisheni, kina sura za watu wake tu.

Na hapo ndipo penye tatizo. Nilimwona mama mmoja Kongowea akivuta buibui kujifunika uso kamera ilipomfikia. Kijana wa kurekodi akamwambia, "Mama, fungua kidogo, wafadhili wataka kuona." Akafungua. Angefanyaje, na unga uko mkononi mwa yule kijana? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari; sijui hiari gani hupatikana kwenye foleni ya chakula. Isitoshe, hapa pwani tumelelewa kwamba mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Siku hizi mtaa mzima unajua, hata wanafunzi wenzake mwanawe.

Jambo moja husahaulika: watu wengi wanaobofya moyo chini ya picha hizo hawatoi hata senti. Pesa nyingi nilizoona zikitoka zilitoka kwenye magrupu ya WhatsApp, ile orodha inayonakiliwa na kurushwa tena, kila mtu akiongeza jina na kiasi chake chini ya mwenzake. Kuna kuoneana haya humo, nakiri. Anayeona jirani ametoa elfu huona aibu kuandika mia. Hata hivyo anayebanwa hapo ni mwenye nacho, na hesabu iko wazi bila uso wa maskini.

Kwa hiyo mimi ningepiga picha risiti ya duka la jumla, magunia yakishushwa kwenye tuktuk, na taarifa ya M-Pesa ya mwezi ikiwa imefichwa majina na namba za watu. Huenda michango ikapungua mwanzoni, maana gunia halilizi mtu. Ningekubali ipungue.