Wakili anatafutwa kabla ya maelezo

Mwaka 2019 nilikamatwa Leicester, Uingereza. Simu ya mpangaji mwenzangu ilipotea, akanitaja mimi, polisi wawili wakaja kunichukua kwa upole ulionitisha kuliko kelele. Pale kaunta, kabla ya kuulizwa lolote kuhusu simu, nikaulizwa: unataka wakili? Ni bure. Nikajibu kama mtoto yeyote wa Igogo, Mwanza: sina kosa, wakili wa nini? Wakauliza tena kabla ya mahojiano. Safari hii nikakubali, kwa kuona haya tu.

Akaja mama mmoja na begi mgongoni, tukapewa chumba wawili. Hakuniuliza kama nimechukua simu. Aliuliza polisi wameniambia nini mpaka sasa. Kisha akanieleza jambo ambalo sinema za Marekani zimetupotosha wengi: Uingereza unaweza kukaa kimya, lakini tangu sheria ya 1994, ukinyamaza kituoni halafu ukaibuka na utetezi mpya mahakamani, ukimya ule unaweza kukugeukia. Kusema au kunyamaza kunapimwa, na anayekusaidia kupima ni mwenye kazi yake, wakili. Usiku huohuo niliachiwa bila shtaka.

Mwaka jana ikawa zamu ya mdogo wangu, mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Jamaa mmoja aliyekwama alimwekea rehani mashine ya boti, kumbe ya wizi. Alipochukuliwa, mama alimpigia mjomba, mjomba akampigia shemeji anayefahamiana na askari. Simu zikazunguka mpaka Sengerema na kurudi. Nilipotaja wakili, shemeji akang'aka: "Ukipeleka wakili unawakasirisha. Wataona tunataka vita." Usiku huo mdogo wangu akaandikwa maelezo, akasaini kurasa ambazo hakusomewa. Karatasi inasema alinunua mashine. Hakununua, alishika rehani. Neno hilo moja linatutoa jasho mpaka leo.

Sisemi kwamba nyumbani Tanzania hakuna sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari akwambie kwamba hulazimiki kujibu maswali, na kwamba unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mahojiano yana saa 4 za msingi, kuongeza kuna utaratibu wake. Tunapozidiwa ni kwenye mfuko. Huku Uingereza wakili wa kituoni analipwa na serikali hata kama mshukiwa ni tajiri. Kwetu ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa, lakini saa nane ya usiku mvuvi hana wakili wa zamu wa kumwita. Hilo naidai serikali. Ila kusema "nisomee kwanza, ndipo nisaini" hakuna bei, na hata hilo hatulisemi, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba asiye na kosa hujieleza mpaka akauke koo.

Tulipokubaliana hatimaye kutafuta wakili, nusura tuangukie kwa kishoka, wakili wa bandia. Suti, mkoba, Kiingereza kingi. Akataka milioni moja na nusu, "ya kwangu na ya mzee", mzee akiwa ni hakimu. Nikaingiza jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye orodha ya mawakili, nikiwa kitandani Leicester. Halimo. (Mjomba alisikitika. Alikuwa ameshaanza kumwita mheshimiwa.)

Wa pili alikuwa wakili kweli, akatuambia yeye ni wa kesi za ardhi, tusimpotezee kijana muda. Namheshimu kwa hilo. Wa tatu akaomba hati ya mashtaka, akauliza nani alikuwepo siku mashine inapokewa, akataja ada yake na kutoa risiti. Mama alipomuuliza kama tutashinda, akasema hawezi kuahidi. Shemeji akaninong'oneza kwenye simu: "Huyu hajiamini." Mimi hapo ndipo nilipotuma hela.

Dhamana ilipatikana, kesi imeahirishwa mara ya nne. Aliyekuwepo siku ile ni mama lishe wa pale Mwaloni, naye amekwenda msibani Ukerewe. Shemeji ndiye aliyetumwa kumfuata kwa meli.