Trigonometria Haijakukosea Kitu

Kuna ujumbe unaozunguka mitandaoni kila msimu wa mitihani: siku nyingine imepita bila kutumia sini wala kosini. Watu wanacheka, wanasambaza. Mimi unaniudhi kwelikweli, kwa sababu wanaousoma ni pamoja na watoto walio darasani sasa hivi, na wanachoambulia ni kwamba trigonometria, hesabu ya pembe na pande za pembetatu, ni adhabu ya kuvumilia mpaka mtihani upite.

Jambo moja nalikubali, kwa shingo upande: wengi tulifundishwa vibaya. Kanuni tatu ubaoni siku ya kwanza, zikariri, kesho jaribio. Lakini kosa hilo ni la ufundishaji. Somo lenyewe halina hatia.

Mpwa wangu alinijia na daftari akiwa katika hali hiyohiyo. Kanuni anazo kichwani zote, anazitiririsha bila kugugumia. Nikamuuliza, sini ya nyuzi 30 ni nusu. Nusu ya nini? Kimya. Basi tukachora pembetatu mraba tatu, ndogo, ya kati na kubwa, kila moja ikiwa na pembe ya nyuzi 30. Akachukua rula, akapima upande unaoikabili pembe hiyo, kisha ule mrefu unaokabili pembe mraba. Ndogo: sentimita 3 kwa 6. Ya kati: 4.5 kwa 9. Kubwa: 7 kwa 14. Ile kubwa akaipima tena, hakuamini.

"Mjomba, kwa hiyo hata nikichora ya ukubwa wa uwanja itakuwa nusu tu?"

Ndiyo, mama. Hata ya kutoka hapa mpaka mwezini.

Hapo ndipo ilipo trigonometria nzima. Pembe ikijulikana, uwiano wa pande umeshajulikana, pembetatu iwe ndogo au kubwa kiasi gani. Sini, kosini na tanjenti ni majina tu ya uwiano huo, kutegemea umelinganisha pande zipi. Ukilishika hilo, unaweza kupima kitu usichokifikia. Simama mita 20 kutoka kwenye shina la mti. Geuza protrakta chini juu, funga uzi wenye kizito katikati ya ukingo wake ulionyooka, kisha chungulia kilele kwa kufuata ukingo huo. Uzi ukiangukia nyuzi 55, toa kwenye 90: unatazama juu kwa pembe ya nyuzi 35. Tanjenti ya 35, yaani kimo kikigawanywa kwa umbali, ni takriban 0.70; zidisha kwa 20, unapata mita 14. Ongeza kimo cha macho yako kutoka ardhini, tuseme mita 1.6, na mti umeshaupima. Hukupanda hata tawi moja.

Al-Biruni, mwanazuoni wa hisabati na elimu ya nyota, katika karne ya 11 alipima kimo cha mlima kwa pembe, akapanda kileleni, akapima upeo wa macho umeinama kiasi gani, na kutokana na hapo akakokotoa ukubwa wa dunia. Na Everest je? Wapimaji wa Uingereza waliokuwa India hawakuruhusiwa kuingia Nepal, wakaupima mlima huo kutoka tambarare, zaidi ya kilomita 150 mbali. Hesabu ziliwekwa mikononi mwa Radhanath Sikdar, mwanahisabati wa Bengal, naye akauona kuwa mrefu kuliko yote iliyojulikana. Kimo kilichotangazwa mwaka 1856 kilikuwa futi 29,002, yaani mita 8,840. Kipimo cha leo ni karibu mita 8,849. Tofauti ya mita 9 tu, kwa mlima ambao hakuna aliyekuwa amekanyaga kilele chake! Nikifika hapa huwa nashindwa kuelewa mtu anawezaje kuliita somo hili kavu.

Sitaeleza sana kwamba sauti yoyote unayoisikia inaweza kuchambuliwa kuwa mawimbi ya sini, wala kwamba picha ikizunguka kwenye skrini ni sini na kosini zinafanya kazi. Hayo yanajitosheleza.

Kuna watakaosema simu inakokotoa yote, mtoto ajisumbue ya nini. Haya, bonyeza sini ya 30 kwenye kikokotoo kilichoachwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii, yaani nyuzi. Kitakupa hasi 0.988, bila kusita na bila onyo lolote. Anayetegemea vitufe ataliandika jibu hilo na kuendelea na swali linalofuata. Mpwa wangu sasa hawezi: anajua jibu ni urefu uliogawanywa kwa urefu, na rula yake haijawahi kumpa sentimita hasi.